Filamu ya Kwanza na ya Thelathini na Nane

Mwaka jana nilitazama filamu thelathini na nane, zote katika banda moja la video hapa Bigwa, zote Jumapili saa tisa alasiri. Zingekuwa hamsini na mbili, maana mwaka wangu wa filamu huanza Desemba na kuishia Novemba, lakini Jumapili kumi na moja umeme ulikatika, mbili nilikuwa na homa, na moja nilikwenda Mikese kwenye mazishi. Kila filamu niliipa alama kati ya moja na ishirini. Kazi yangu ni kutengeneza mizani, na mtu aliyezoea mizani hawezi kusema kitu ni kizuri bila kusema ni kizuri kiasi gani. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea mwenyewe, na aliyejisomea huandika kila kitu, kwa kuwa hana mwalimu wa kumkumbusha.

Lazima nieleze banda letu, maana bila hivyo alama zangu hazitaeleweka. Mabanda mengi huonyesha filamu ambazo tayari zimewekewa sauti ya Kiswahili huko Dar es Salaam. La kwetu lilikuwa na mtafsiri wake, mzee aliyekaa miaka mingi katika baraza la kata akisuluhisha mashamba, ndoa na mbuzi walioingia kwenye mahindi. Hajui lugha yoyote ya kigeni. Husimama kando ya runinga na kipaza sauti, akitutazama sisi kama mtu anavyotazama mkutano, na mara mojamoja hugeuza shingo kuangalia picha. Katika robo saa ya kwanza huwa ameshaamua nani mlalamikaji na nani mlalamikiwa. Risasi zikipigwa, hutueleza upande upi ulikataa wito. Filamu ya samaki mkubwa anayekula waogaji aliigeuza kuwa shauri la uzembe wa serikali ya kijiji iliyoonywa mara tatu. Niliipa kumi na sita. Ile ya watu wanaoruka kutoka paa hadi paa niliipa kumi na moja, kwa sababu mlalamikaji hakujulikana hadi dakika za mwisho. Filamu tatu mwenye banda alizileta zikiwa na sauti ya Dar. Yule bwana wa Dar hucheka utani wake kabla yetu. Saba, nane, saba.

Kila Desemba orodha yangu hubandikwa mlangoni, na kwa orodha hiyo mwenye banda huchagua za kurudia wakati wa sikukuu. Yeye ni mama mjane, mwepesi wa maneno. Wiki ya kwanza ya Desemba alinisubiri nje ya banda.

"Fundi, mwaka huu orodha yako ina kazi."

"Kazi gani, mama?"

"Vijana wanataka sauti ya Dar. Wanasema mzee anawaletea kesi kwenye starehe. Na mimi siwezi kumwambia aondoke. Ndiye aliyenipatanisha na marehemu mume wangu, mara mbili. Nitamtazamaje?" Akashusha sauti. "Kwa hiyo orodha iseme. Filamu ya kwanza ikiwa yake, anabaki. Ya mwisho ikiwa yake, anaondoka."

"Na zote mbili zikiwa zake?"

"Haiwezekani. Mtu hawezi kuwa bora kuliko wote na mbovu kuliko wote."

Nilimweleza kwamba kati ya filamu thelathini na nane, thelathini na tano zilikuwa za mzee, na kwa hiyo jambo hilo si tu kwamba linawezekana, bali ndilo la kutegemewa.

"Wewe andika tu," akasema.

Nilikwenda nyumbani nikiwa na uzito. Mzee hushuka kutoka mlimani kwa miguu, mwendo wa saa moja na nusu, amevaa koti hata kama kuna jua. Aliwahi kuniambia kwamba huko juu siku hizi watu wakigombana wanakwenda moja kwa moja polisi. "Hakuna anayeniuliza kitu," alisema. "Hata mbuzi akila mahindi, wanapiga simu." Banda ndilo lililobaki. Hata hivyo, alama nilikuwa nimeshazitoa, na alama haibadilishwi kwa sababu ya huruma. Mizani ikibadilishwa kwa huruma, huo ni wizi.

Jumapili iliyofuata nilibandika orodha saa nane na nusu. Ya kwanza: Shauri la Mkwe, Machi, alama kumi na tisa. Ya thelathini na nane: Shauri la Mjomba, Septemba, alama mbili. Zote za mzee. Majina alikuwa ameyatoa yeye, kwa kuwa majina halisi yalikuwa kwa maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma.

Wa kwanza kuisoma hadi mwisho alikuwa mama muuza dagaa, ambaye hukaa benchi la mbele na hakosi.

"Fundi, hii ya kwanza na hii ya mwisho si filamu moja?"

"Hapana. Moja ni ya mkwe, nyingine ni ya mjomba."

"Ni yuleyule mwanamume wa koti la kijivu. Na yule bibi. Na lile sanduku, na ile nyumba yenye ngazi nyingi."

Watu waliokuwa nyuma yake wakaitikia. Walijua wote.

"Kwa nini hamkusema mwezi wa tisa?" nikauliza.

"Tulidhani ni rufaa."

Nilifungua daftari langu palepale na kuona jinsi ilivyotokea. Mimi huandika maelezo wakati filamu inaendelea, na ili kuandika navaa miwani ya kusomea. Kwa miwani hiyo herufi zinaonekana vizuri sana na runinga inakuwa ukungu wenye rangi. Kwa hiyo kwa mwaka mzima nilikuwa nimesikiliza filamu thelathini na nane. Mwenye banda naye alikuwa akipokea flashi kutoka dukani mjini na kuziweka bila kuzifungua kwanza. Na mzee alikuwa akitutazama sisi.

Hukumu zote mbili zilikuwa sahihi, hilo ndilo lililonitatiza. Kwa Waluguru, watu wa milima yetu hii, ardhi hufuata ukoo wa mama. Mwanamume aliyeoa ni mgeni katika shamba la ukoo wa mkewe, lakini mjomba ana kauli. Machi, mzee alimchukua mwanamume wa koti kuwa mkwe aliyekuja kwa bibi na sanduku la hati ili adai shamba. Akamshinda kwa hoja nne, moja baada ya nyingine, na bibi akabaki na ardhi yake. Ni hukumu nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia. Septemba alimchukua mtu yuleyule kuwa mjomba, na hapo bibi akawa mwizi wa mali ya ukoo. Sheria haikukosewa, ila mashahidi hawakuitwa na bibi hakupewa nafasi ya kujibu. Ndiyo maana nilitoa mbili.

Mzee alifika saa tisa kasoro dakika tano.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akasoma orodha polepole, kidole kikishuka juu ya karatasi. Alikuwa anajua masharti ya mwenye banda. Bigwa hakuna siri. Muuza dagaa akamwambia lililogunduliwa. Nilitegemea aulize kama anabaki au anaondoka. Akauliza jambo jingine.

"Nimetoa hukumu mbili katika shauri moja?"

"Ndiyo, mzee."

Alikaa kwenye benchi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya ndani ya banda lile. "Iwekwe tena," akasema. "Yafanyike mapitio. Nikionekana sifai, nitapanda mlima wangu. Ila mimi siwezi kusimama pale. Mtu hasikilizi kesi inayomhusu mwenyewe."

"Sasa nani atasema?" mwenye banda akauliza.

Walinitazama mimi. Nilikuwa na daftari.

Nilivua miwani nikasimama kando ya runinga. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona filamu katika banda lile, na niliamua kusema kile tu kinachoonekana.

"Mwanamume anapanda ngazi," nikasema. "Ana sanduku. Bibi anafungua mlango. Mwanamume anaingia. Bibi anafunga mlango."

"Hata sisi tunaona!" kijana mmoja akapiga kelele kutoka nyuma.

"Wanatazamana," nikaendelea. "Ukutani kuna picha mbili na saa kubwa."

"Fundi, unatuandikia mali za marehemu?"

Banda zima likacheka. Dakika ishirini zilipita hivyo. Watu wawili walitoka, kisha watatu. Mwenye banda alisimama karibu na pazia, mikono kifuani, naye alikuwa anawahesabu wanaotoka. Mzee alikaa magoti pamoja, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Kisha mwanamume wa koti akafungua sanduku. Machi, kwa kauli ya mzee, lilikuwa limejaa hati za kughushi, na Septemba hati hizohizo zilikuwa halali. Niliona bisibisi. Zilikuwa kama kumi, ndogo, zimepangwa kwa ukubwa. Alichukua moja, akaifuta kwa kitambaa, akaitumia, akaifuta tena kabla ya kuiweka. Hakuna mtu duniani anayefuta bisibisi mara mbili isipokuwa fundi. Alikuwa ameishusha ile saa ya ukutani na kuifungua tumbo.

Nikisema nilichokiona, hakuna mkwe, hakuna mjomba, hakuna shamba, wala hakuna shauri. Mzee atakuwa ametoa hukumu mbili juu ya mtu aliyekuja kutengeneza saa. Nisiposema, nitakuwa nimeficha uzito. Nilifikiri kwa muda ambao baadaye niliambiwa ulikuwa mrefu.

"Ni fundi," nikasema. "Amekuja kutengeneza saa. Hakuna zaidi."

Mwenye banda akaangalia chini.

Ndipo sauti ikatoka kwenye benchi.

"Shahidi."

"Naam, mzee."

"Aliitwa na nani?"

Nilitafuta katika kumbukumbu ya dakika ishirini. "Haijaonekana kuitwa."

"Hii ni siku ya ngapi?"

"Ya pili. Amebadilisha shati."

"Saa inatembea?"

"Haitembei."

"Na chakula anakula wapi?"

Nikageuka kutazama. "Kwa huyo bibi. Sasa hivi anakula. Ameongezewa."

Mguno ulipita kutoka benchi la mbele hadi la nyuma. Waliotoka walianza kurudi.

"Siku ya tatu je?"

"Ameketi. Anatazama nje. Vipande vyote viko juu ya meza."

"Hafanyi kazi?"

"Inaelekea anasubiri kitu. Pengine springi."

"Springi!" Muuza dagaa alisimama, akageukia mkutano. "Mzee, samahani, na mimi nina la kusema. Mizani yangu iko kwa huyu shahidi, wiki ya tano leo. Nikienda, njoo kesho kutwa. Nikienda kesho kutwa, springi haijafika kutoka Dar. Napima dagaa kwa kopo!"

Banda likalipuka. Mtu akataja suruali yake iliyoko kwa fundi cherehani tangu Idi. Mwingine akataja mlango. Kijana aliyekuwa akitaka sauti ya Dar alisimama juu ya benchi kueleza habari za simu yake, iliyofunguliwa mjini na kurudishwa ikiwa haina kioo.

"Springi kweli haijafika," nilisema kwenye kipaza sauti. Ulikuwa ukweli, lakini haukusaidia.

"Hata huyo wa kwenye TV anasema hivyohivyo!" wakanijibu, ingawa hakuna aliyejua anasema nini.

Filamu ilikuwa inafikia mwisho. Mwanamume alivaa koti lake, akashika sanduku, akashuka ngazi katika mvua. Bibi alibaki amesimama mbele ya saa iliyorudishwa ukutani. Uso wake ulikuwa karibu sana, na naamini alikuwa anaisikiliza. Sisi hatukuweza kusikia kama ilikuwa inatembea, kwa sababu ya kelele.

Mzee aliinuka, akaja mbele, akanyoosha mkono. Nikampa kipaza sauti. Akasubiri hadi watu wote wakae, na wakakaa.

"Huyu mtu si mkwe, wala si mjomba," akasema. "Hukumu ya Machi imefutwa. Ya Septemba imefutwa. Sheria haikukosewa, ila mlalamikiwa hakutambuliwa, na kosa hilo ni langu. Nilikuwa nawatazama ninyi badala ya kumtazama yeye. Ni fundi. Na fundi akiwa kazini hana ukoo. Hajaitwa, amekula siku tatu, ameondoka bila kumwonyesha mwenye kazi kwamba kazi imekwisha. Arudi akamwonyeshe. Na huyu wa hapa arudishe mizani ya huyu mama kabla ya Jumapili, iwe imepona au haijapona."

Walipiga mabenchi kwa viganja. Kijana wa simu alipiga kuliko wote. Mimi nilisema nimekubali, kwa kuwa hukumu ilikuwa imefuata ushahidi, na ushahidi ulikuwa wangu.

Watu walipotawanyika, mwenye banda alibandua orodha mlangoni na kuishika kwa vidole viwili.

"Sasa hii nifanye nayo nini? Wa kwanza ni yeye na wa mwisho ni yeye."

"Nafasi zote mbili zimefutwa," nikamwambia. "Hukumu zilizopewa alama hazipo tena. Wa kwanza sasa ni samaki."

"Samaki naye ni wa nani?"

"Wa mzee."

"Na wa mwisho?"

Nilikokotoa. "Wa Dar. Kuna saba mbili, lakini zote ni zake."

Aliikunja karatasi mara nne akaiweka kwenye kifundo cha kanga. Mzee alikuwa anakunja waya wa kipaza sauti taratibu, bila kututazama, kama mtu asiyetaka kusikia kabla ya kuambiwa. Mama akamwendea, akapiga goti kidogo.

"Mzee, Jumapili saa tisa. Kuna ya Kihindi, ndefu sana, watu wanaimba. Utaiweza?"

Mzee alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, hadi cha juu.

"Mlalamikaji ni nani?" akauliza.