Saa Mbili za Mama Raghib

Wifi yangu Mama Raghib ana saa mbili za mkononi, zote nzima, na bado aliwaaminisha wanajeshi wa langoni kwamba hana saa. Nilimwambia usoni: "Unatuaibisha, wifi. Mwalimu mstaafu wa hesabu, unajifanya hamnazo!"

"Wewe shika punda," akanijibu, "acha maneno."

Mizeituni yetu iko ng'ambo ya ua wa waya. Jeshi lililoikalia ardhi yetu limeweka lango, na lango linatakiwa kufunguliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wanakuja wanapojisikia, na saa tano kamili wanatutoa. Mizeituni arobaini na miwili ya marehemu kaka yangu tutaichuma saa ngapi? Mwaka juzi nusu ya matunda ilidondoka ikaozea chini, na wifi akaugua mwezi mzima kwa uchungu. Ndipo akajitolea kwa shirika la haki za binadamu: kila asubuhi asimame langoni, aandike limefunguliwa saa ngapi. Halipwi hata kikombe cha kahawa.

Machi aliharibu. Wanajeshi, kwao, walisogeza saa zao mbele kwa saa moja kama kila mwaka majira ya joto yakikaribia, sisi bado hatujasogeza, na wifi akaandika wiki nzima kwa saa ya kwetu, iliyokuwa nyuma. Hadil, wakili wa shirika, alipotupeleka na daftari kwa afisa wa jeshi, yule bwana akalisoma kwa sauti.

"Limefunguliwa saa kumi na mbili na dakika ishirini. Kumbe tunawahi! Asante kwa kutusifu, bibi." Akamgeukia Hadil. "Huyu saa hajui."

Haki ya Mungu, nilicheka njia nzima mpaka mbavu zikauma. Wifi hakucheka.

"Hajui saa, eh?" alisema. "Haya. Sijui."

Mavuno ya Oktoba yalipofika, kila siku alimwendea mwanajeshi mmoja mwenye nywele nyekundu, kikapu cha mkate mkononi.

"Mwanangu, saa yangu imekufa. Saa ngapi sasa?"

"Saa moja na dakika arobaini, bibi."

"Ya kwenu au ya kwetu?"

"Ya kwetu!"

"Maskini mie. Na mnatakiwa kufungua saa ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu," akajibu, huku akitazama buti zake.

"Mungu akuweke, mwanangu."

Chini ya mkate simu ilikuwa inarekodi. Asubuhi kumi na nane! Siku moja yule kijana aligusa kikapu na kuuliza kuna nini humo. Mimi nikajidai kukaza kamba ya punda. Wifi akamkatia mkate wa moto wenye zaatari, yale majani makavu yaliyosagwa na ufuta. "Kula, mwanangu, umekonda." Akala, mwenzangu, akala na kulamba vidole.

Siku Hadil alipoturudisha kwa yule afisa, bwana akaanza tena na lile kosa la Machi. Hadil akaweka simu mezani. Mwanajeshi wake mwenyewe akasikika akitaja saa mara kumi na nane, mojawapo akiwa na mkate mdomoni. Afisa aliinamia karatasi zake, masikio mekundu.

Jumapili iliyofuata tulikuta lango wazi saa kumi na mbili na nusu kamili.

"Leo huniulizi saa, bibi?" yule kijana akasema kwa hasira.

Wifi akapandisha mkono wa gauni, saa mbili zikaonekana, moja ya kwao, moja ya kwetu. "Leo najua."

Nilipiga vigelegele hadi punda akashtuka. Tulipofika kwenye mzeituni wa kwanza wifi akakaa chini, akaandika saa kwenye daftari, kisha akaanza kulia.

"Nini tena? Si tumeshinda!"

"Tumeshinda nini? Nimepita pale nikasema asante. Shamba la mume wangu, wifi, nimefunguliwa mlango nikasema asante!"

Akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akanirushia gunia.

"Chuma upesi. Saa tano wanafunga."