Njia ya Baiskeli Mbili

Asubuhi bado mbichi, na fundi wa mikanda ameshafika. Anaiegemeza baiskeli kwenye ukuta wa karakana, anajifuta jasho la shingoni, anavua ndala na kuvaa viatu vya kazi. Stoo haijafunguliwa, lakini yeye yuko mezani kwake, ngozi mapajani, anatoboa matundu ya bizimu.

Karakana hii inatengeneza miguu ya bandia. Wapo wanaochonga na wapo wanaopiga rangi. Yeye hushona mikanda inayoushika mguu usimtoke mtu barabarani. Wenzake wanamwita Kengele, kwa sababu husikika langoni kabla hajaonekana.

"Mkanda ukibana sana, mtu anauchukia mguu wake," anasema bila kuinua macho. "Ukilegea, anauogopa."

Kengele, mwanamke wa makamo, alihamia jiji hili mwaka jana, karakana ilipohamishwa kutoka mji mdogo alikozaliwa. Kupanda basi humtia kichefuchefu tangu utotoni. Kwa hiyo alipotafuta pa kuishi, alianza na njia, chumba kikafuata.

Dalali alimshangaa. "Yeye ananionyesha bomba la maji, mimi namuuliza malori yanapita saa ngapi," anasimulia huku akicheka.

Chumba cha kwanza kilikuwa pua na mdomo na karakana, nyuma ya soko. Aliijaribu njia yake Jumatatu, saa ya watu kwenda kazini. Lori la saruji lilimbana mpaka gurudumu la mbele likatumbukia mtaroni, na wauza mboga ndio waliomwinua. Cha pili kilikuwa juu ya kilima, kina upepo na dirisha kubwa. Asubuhi aliteremka kama malkia. Jioni alipanda akiikokota baiskeli, magoti yakimlalamikia.

Cha tatu kiko ng'ambo ya reli, mwendo wa dakika arobaini. Ni kidogo, jiko ni la kuchangia, na mvua ikinyesha bati halimpi mtu nafasi ya kuongea. Lakini njia yake inafuata bomba kuu la maji, magari hayaruhusiwi, na ni pana. Kengele alisimama katikati, akanyoosha mikono yote miwili.

"Hapa zinapita mbili sambamba," alimwambia dalali.

"Mama, si uko peke yako?"

Alilipa kodi siku hiyohiyo.

Baiskeli ya pili ni ya wifi yake, mjane wa kaka yake. Marehemu ndiye aliyewafundisha wote wawili kuendesha, akiwakimbilia nyuma ameshika kiti, kisha akawaachia kimyakimya. Kwa miaka mingi mawifi hao walishona katika karakana moja, na kila asubuhi walikwenda bega kwa bega. Huko njiani ndiko walikotaniana na kununiana na, baada ya msiba, ndiko walikolia.

"Nyumbani utalia saa ngapi, mama anakutazama?" anasema Kengele.

Karakana ilipohama, wifi naye alipewa nafasi. Akaikataa. Mama mzazi wa Kengele hakutaka kuiacha nyumba yake, na wifi akasema yeye hamwachi mama.

"Mama amenizaa mimi, lakini anayemuogesha ni yeye," anasema Kengele, na sindano inatulia mkononi. "Sasa nimwambie aje, amwache na nani?"

Mpaka leo anaendesha kwenye ukingo wa kushoto kabisa, ingawa njia yote ni yake. "Nikiona kitu cha kuchekesha nageuka kulia nimwambie. Naona bomba."

Mwezi uliopita jirani alikubali kukaa na mama, wifi akaja kutembea kwa siku chache. Kengele akamwazimia baiskeli kwa mwenye nyumba. Walipofika kwenye bomba, wifi alishuka, akaitazama njia mpaka inapopinda.

"Wifi, kumbe kile chumba ulikichukua kwa ajili ya hii?"

"Chumba kina ubaya gani?"

"Chumba? Lile ni kabati."

Walicheka mpaka wakashindwa kupanda. Jumapili wifi akarudi kwa mama, na Jumatatu Kengele akaenda kazini peke yake.

Msimamizi anasema nafasi ya wifi bado ipo, ila hawezi kuishikilia daima. Kengele naye amemwomba mwenye nyumba ampe vyumba viwili vya mbele vya nyumba hiyohiyo vitakapokuwa wazi. Havina ngazi, na mama ataweza kukaa mlangoni akiangalia wapita njia. Mama mwenyewe hajakubali. Juzi kwenye simu aliuliza tu kama huko mbele jua linaingia.

Kisha wifi akaichukua simu, akatoka nayo nje.

"Usinihesabie siku," alimwambia. "Ila usihame."

Kengele anauvuta uzi, anaukaza, anaukata kwa meno.

"Nimemwambia sihami."