Shati la Masalio ya Harusi

Nilisikia mbuzi kabla sijaona chochote. Walikuwa wakilia ndani ya jumba la sanaa, katikati ya Houston, na nilipopenya pazia jeusi nikakuta spika nne, mchanga uliomwagwa sakafuni, na hema.

Maonyesho yalikuwa ya rafiki yangu, na yeye hajawahi kulala kwenye hema. Alizaliwa Bukavu, ghorofani, na katika kambi ya wakimbizi waliishi nyumba ya matofali ya udongo. Mbuzi aliwajua kwenye mishikaki. Kazi yake ya sanaa ilikuwa moja tu: shati lililoning'inia ukutani, alilolishona Haltom City baada ya zamu za ghalani, kwa vipande vya kitenge alivyookota chini ya cherehani ya dada yake. Kitenge cha harusi. Dada alipoolewa, ukoo mzima ulivaa sare ile, mpaka binamu wa mbali, mpaka jirani. Yeye hakukatiwa, kwa kuwa anapenda wanaume. Alisimama kanisani na shati jeupe kama mhudumu wa hoteli.

"Mbuzi wa nini?" nilimuuliza.

"Msimamizi wa maonyesho anasema bila wao watu hawatausikia ukimbizi."

Msimamizi huyo, mama wa miwani minene, aliniita mimi pia sauti ya wakimbizi. Mimi niliyekuja Texas kwa viza ya masomo na masanduku mawili! Sikumsahihisha. Nilikuwa nimemwandikia maelezo ya ukutani yanayolia kuliko mbuzi wale, na nilijiona mtu.

Wageni walitikisa vichwa mbele ya hema, glasi mkononi. Shati walilitupia jicho tu. Rafiki yangu hakuwajali. Alikuwa akitazama mlango. Alikuwa amemwalika dada yake, baada ya miaka mitatu ya kimya.

Akaja, katika nguo zake za kazi ya kutunza wazee. Alikanyaga mchanga, akalipita hema bila kuligeukia, akasimama mbele ya shati. Mpiga picha akapiga goti.

"Muulize anajisikiaje," msimamizi akaniambia.

Dada alikuwa akikagua mshono. "Kola imepinda," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, akamwambia mdogo wake: "Ni mimi nilikunyima."

"Najua, yaya." Kwao dada mkubwa ni yaya.

"Vala, nione."

Rafiki yangu akalishusha. Msimamizi akaruka: kazi za sanaa haziguswi, maonyesho bado yana wiki mbili!

"Anasemaje huyu?" dada akaniuliza.

"Anasema ni sanaa."

"Mwambie ni shati."

Nikatafsiri, kwa raha yote.

Rafiki yangu akalivaa. Lilimbana kifuani. Dada akamfunga kifungo cha juu, akamkung'uta begani. "Twende. Mama iko mu gari tangu Fort Worth, anakatala kushuka mpaka akuone."

Rafiki yangu hakuniaga. Alitoka karibu akikimbia, dada nyuma yake, na mpiga picha nyuma ya dada. Mlango ukafungwa mbele ya pua ya mpiga picha.