Mtamba Mweupe wa Shukrani

Mimi niliacha darasa la nne nikaingia duarani, shimoni kwa wachimba dhahabu, nikatoka duarani nikajenga nyumba mbili hapa Katoro bila msaada wa mtu, kwa hiyo nilikuwa naamini hakuna jambo litakalonishangaza tena. Nimeona mtu akilala maskini akaamka na gari. Nimeona udongo ukifunika wenzangu. Lakini wiki iliyopita mke wa nkoi wangu, rafiki yangu mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kule Nyarugusu, alinipigia simu akasema tu, "Shemeji, amepumzika." Nilikaa chini pale pale barabarani, na viatu vyangu vya Dubai.

Wengi mnaosoma safu hii mmesagisha mawe kwake. Mnajua desturi ya karasha: vumbi lenye dhahabu linalobaki ndani ni la mwenye mashine, na wapo waliojenga kwa vumbi hilo. Yeye alikuwa anazima injini, anafagia, anakukabidhi mpaka punje ya mwisho. Nilipokuwa kibarua wake nilimwambia, "Bosi, utakufa maskini." Akacheka. "Wewe ndiye utakuwa tajiri, mdomo unao tayari. Fagia!"

Figo zake zilipofeli, madaktari walisema anaweza kupandikizwa ya ndugu. Mdogo wake, mfugaji wa Bukombe, hakuombwa mara mbili, na vipimo vikakubali. Sasa, kwetu mtu akikutoa mdomoni mwa kifo haachwi mikono mitupu; ni aibu. Familia ilikuwa imeshauza hata karasha kwa ajili ya kusafisha damu, nikasema mimi nipo. Nikaenda mnadani, nikachagua mtamba mweupe, nikampeleka Bukombe mwenyewe, kwa vigelegele.

Kabla ya upasuaji, jopo la hospitali lilimwita mdogo mtu peke yake, likamuuliza kama kuna chochote amepewa. Yule hajui kudanganya. "Nimepewa ng'ombe," akajibu kwa fahari. "Mzuri kweli kweli."

Upasuaji ukasitishwa ili ichunguzwe kama figo imenunuliwa. Nikaenda kufoka. Daktari mmoja, binti mdogo tu, akaniamkia kwanza, kisha akasema, "Baba, huko machimboni kwenu kuna vijana wangapi wenye njaa na figo mbili? Nikimpitisha ng'ombe wako leo, kesho dalali nitamzuiaje?" Mtamba akarudishwa zizini kwangu, ndugu wakapangiwa siku ya kuhojiwa upya. Nkoi hakuifikia.

Nimeliwaza sana jambo hili, na binti yule namuunga mkono. Hapa Katoro kila kitu kina dalali. Bila ulinzi, figo za wachimbaji zingewekwa kwenye mizani kama dhahabu. Ila nawaomba wanaopanga taratibu hizi waje watueleze mapema, kwa Kisukuma ikibidi, kwamba kwa kiungo cha mtu haitolewi zawadi, hata kuku. Sisi hatukununua, tulishukuru. Tungeambiwa kabla, nkoi angekuwa wa kwanza kuelewa, kwa sababu mtu aliyekataa vumbi la wenzake asingetaka figo yenye harufu ya bei.

Siku ya mazishi nilimtoa yule mtamba achinjwe, waombolezaji wapate kula. Mdogo mtu ndiye aliyeshika kamba. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, kwani ulimnunua shilingi ngapi?" Hakuwahi kuuliza kabla.

Nikamwambia: laki nane na elfu arobaini.