Mahali pa Bomba la Hewa

Idarani kwetu kila mtu alimwita Mjomba, kuanzia mkuu wa idara hadi wanafunzi waliofika juzi. Hakuwa mjomba wa yeyote kati yetu. Alikuwa fundi wa chumba cha giza, pale wanafunzi wa upigaji picha wanapojifunza kusafisha picha za filamu kwa dawa. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja katika kazi hiyo, na ulimi mkali kama wembe. Mimi nilikuwa karani wa idara, ofisi yangu ikipakana na chumba chake, na aibu nitakayoisimulia hapa ni yake na ni yangu. Nani ana fungu kubwa zaidi, sijaamua bado.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo chini ya ngazi. Dirisha lilikuwa limepigiliwa mbao, mlangoni pana mapazia mawili meusi, na ndani mna taa moja nyekundu na mabeseni matatu: la kuitoa picha, la kuizuia isizidi kuwa nyeusi, na la kuifanya idumu. Mjomba alizunguka humo bila kugusa ukuta. Mwanafunzi akimwaga dawa, alimjua kabla hajageuka. "Wewe wa kushoto," angesema, "hiyo mikono umeazima wapi?"

Chuo kilipoamua kutujengea jengo la kufundishia upigaji picha, msanifu majengo alikuja wakati wa likizo. Alikuwa dada kijana, mpole, asiyeachia futi yake ya chuma. Wahadhiri walimweleza habari za studio na madarasa, naye akasema anataka kumsikia mtu anayeshinda ndani ya kazi yenyewe. Hapo ndipo Mjomba alipokumbukwa. Katika miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuitwa kwenye kikao hata kimoja.

Basi alifurahi, tena alifurahi hadi nikamwonea huruma. Alinyoa ndevu. Alimpeleka msanifu kwenye ukumbi mtupu, akafumba macho, akatembea kama yuko kazini: hatua mbili beseni, nusu hatua bomba la maji, geuka, meza kavu ya karatasi. Msanifu alimfuata nyuma akipima na kutia alama za chaki sakafuni. Mjomba akamfundisha kwamba chumba cha giza hakihitaji mlango, kinahitaji ujia mweusi wenye kona mbili, kwa sababu mtu hukata kona na mwanga hauwezi. Yule dada aliyaandika maneno hayo kama yalivyo. Baadaye Mjomba alisimama mlangoni kwangu akaniambia, "Karani, kumbe nina akili."

Kisha ikaja fomu ya mahitaji. Mjomba hakupenda kuandika, kwa hiyo alisimama kando ya meza yangu akanitajia majibu. Swali la kumi na nne liliuliza kama chumba cha sasa kina tatizo la hewa au harufu.

"Andika hakuna," akasema. "Mwenye pua laini akauze maua."

Nikaandika hakuna.

Sasa niseme ukweli. Dawa zile zilinuka. Zilinuka siki na kiberiti kilichowashwa, zikapenya mapazia mawili na ukuta, zikaingia kwenye chai yangu. Dirisha langu lilikuwa wazi hata siku za baridi. Mkuu wa idara alibana pumzi akipita ngazini, nimemwona kwa macho yangu. Mama wa usafi alijifunga leso puani. Na Mjomba mwenyewe alinuka vilevile, shati, nywele, hata kalamu aliyoniazima. Lakini mtu mzima haambiwi kwamba ananuka. Mbele yake tulimwita bingwa, nyuma yake tukashika pua, na kilemba hicho cha ukoka tulikiita heshima. Nilipoandika hakuna nilijiambia kwamba mkuu atasahihisha. Mkuu alipotia sahihi alijiambia, bila shaka, kwamba karani na fundi wanajua zaidi.

Miaka miwili kabla ya fomu ile kulikuwa pia na mwanafunzi mmoja, binti mwembamba, aliyekuwa akitoka nje kila baada ya dakika kumi kwenda kukohoa. Mjomba alimbatiza jina la Bi Arusi, kwamba anaogopa kuchafuka. Kwenye daftari la mafunzo ya vitendo akamwandikia neno moja: mvivu. Muhula uliofuata binti alihamia idara nyingine, na Mjomba alikisimulia kisa hicho kwa miaka miwili kama mtu aliyeshinda kesi.

Msanifu akarudi na ramani ya kwanza. Kwenye ukuta wa chumba cha giza alikuwa ameacha nafasi ya bomba kubwa la kuvuta hewa. Akasema, kwa kuwa fomu inaonyesha hakuna tatizo, matundu madogo yangetosha, na nafasi ile ingefaa kwa kitu kingine. Mjomba angependa nini? Hakusita. Alitaka kabati la kioo la kamera zake za zamani, ambazo miaka yote zilikaa kwenye maboksi chini ya ngazi. Kabati likachorwa. Alinionyesha ramani ile mara tatu kwa siku moja, kidole kikiwa juu ya kabati.

Wiki moja kabla ya kikao cha kupitisha ramani, msanifu alikuja kuhakikisha kimo cha masinki. Safari hii chuo kilikuwa kimefunguliwa, mabeseni yamejaa na wanafunzi kumi na wawili wamo ndani. Aliingia. Hakumaliza dakika tatu akatoka machozi yakimchuruzika, akaishika meza yangu. Mjomba akatoka nyuma yake.

"Mjomba, mnafanyaje kazi na harufu hii?"

"Harufu gani, mwanangu?"

Yule dada alidhani anataniwa. Akarudi ndani, akatoka na vikombe viwili vya kupimia. Kimoja kilikuwa na maji ya bomba, kingine maji makali ya beseni la pili. Kwa macho havikuwa na tofauti. Akamwomba anuse.

Mjomba akainama, akavuta pumzi ndefu kwenye cha kwanza, kisha cha pili. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale na pua ilikuwa inaniwasha.

"Vyote maji," akasema.

Hakuna aliyecheka. Akatutazama, akarudia kunusa, sasa kwa haraka, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni na hazimo. Kisha akanigeukia.

"Karani, kuna harufu?"

"Ipo, Mjomba."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoajiriwa."

"Miaka kumi na mmoja."

"Ndiyo."

"Na wewe ndiye uliyeandika hakuna."

Nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie. "Ningekuambiaje, Mjomba? Ningeanzia wapi?"

"Ungesema, 'Mjomba, unanuka.' Maneno mawili tu."

Kesho yake alikuja amechelewa, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alikuwa amevaa shati jipya, na kila mara aliivuta kola hadi puani, bila faida. Akaniambia alimwuliza mkewe. Mkewe alikuwa akizifua nguo zake kwenye beseni la peke yake tangu mtoto wao wa kwanza alipozaliwa. "Nilidhani unajua," mama yule alimwambia. "Mtu hasemwi kwa kazi inayomlisha." Mjomba alinisimulia hayo akitazama sakafu. Kisha akauliza kama nina namba ya simu ya yule binti aliyehama. Nilikuwa nayo kwenye faili. Akaenda nayo chini ya ngazi. Sikusikia alichosema, ila nilijua kwamba kwa muda mrefu alikuwa akisikiliza tu. Alipotoka aliniambia jambo moja.

"Mpaka leo anatumia dawa ya kifua."

Siku ya kikao, mfano wa jengo uliotengenezwa kwa kadibodi uliwekwa katikati ya meza, na kabati la Mjomba limo, dogo kama ukucha. Mkuu wa idara alikuwa ameshatafuta njia. "Tutaandika tu kwamba msanifu ameshauri bomba la hewa lirudishwe," akasema. "Hakuna haja ya kuingia kwenye mengine." Funika kombe mwanaharamu apite. Wahadhiri wakaafiki, nami, nisidanganye, nikaona nafuu.

Mjomba akasimama. Akaweka kidole juu ya kabati la kadibodi.

"Bomba lirudi, kabati liondoke," akasema. "Lakini iandikwe ni kwa nini. Pua yangu imekufa, sijui tangu lini. Nimejibu swali nisiloweza kulijibu, na mtoto wa watu nimemwita mvivu kwa sababu pua yake ilikuwa nzima. Siku nyingine mkitaka habari za hewa, waulizeni wanaokohoa."

Akakaa. Uso ulikuwa umemshuka hadi niliona haya kumtazama. Msanifu akachukua penseli, akachora bomba kwenye ramani, palepale penye kabati.

Watu walipotawanyika, Mjomba alikuja upande wangu wa meza, nilipokuwa nikiandika kumbukumbu za kikao. "Nisomee ulichoandika."

Nikasoma: "Fundi alishauri kwamba, kwa kuzingatia mahitaji ya watumiaji, mfumo wa hewa uboreshwe."

Akanitazama. Hakukasirika, na heri angekasirika.

"Karani," akasema, "umeanza tena."

Nikafuta. Nikaandika maneno yake kama alivyoyasema, pua iliyokufa na mtoto aliyeitwa mvivu, na chini yake nikaongeza sentensi ambayo hakuna aliyeniamuru: karani wa idara alijua kwa miaka kumi na mmoja, na hakusema. Nikampelekea mkuu atie sahihi. Karatasi ilirudi mchana. Juu ya sahihi yake alikuwa ameongeza kwa mkono: "Na mkuu pia."