Kigawanyo cha Mwisho

Kwetu Lodwar, mbuzi hawakuhesabiwa. Kuhesabu mifugo ni kuiitia balaa. Jioni baba alisimama penye mlango wa zizi, akawatazama wakiingia, kisha akasema wametimia. Kama mmoja amepotea, alijua ni yupi kwa rangi yake. Nikatoka kwenye zizi hilo nikawa mwalimu wa hisabati. Mungu naye ana utani wake.

Kila Jumamosi mimi huenda Kakuma kufundisha watu wazima kwenye kambi ya wakimbizi. Mmoja wao ni mama kutoka Sudan Kusini, muuza chai sokoni, ambaye hisabati ilikuwa imemwangusha mara mbili katika mtihani wa sekondari. Jumamosi moja, wiki moja kabla ya usajili wa mtihani kufungwa, aliniambia anaacha. Roho iliniuma.

Siku hiyo tulikuwa kwenye namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Akanisomea namba ya kadi yake ya kambi, 104927, akataka kujua kama ni tasa. Alisema miaka mingi ameitwa kwa namba hiyo kwenye foleni, na angependa walau iwe na kitu kizuri ndani yake.

Nikagawanya kwa 7, kwa 11, kwa 13, nikaendelea mpaka mia na kitu. Kila mara kulikuwa na baki. Nilipaswa kufika 323, maana 324 mara 324 tayari inaipita namba yenyewe. Sikufika. Niliitazama kama baba alivyotazama zizi, nikaona imetimia. Nikamwambia ni tasa, haigawanyiki, kama yeye mwenyewe. Akatabasamu, nami nikajiona mtu mwema kweli kweli.

Jumamosi iliyofuata alikuja na daftari limejaa. Wiki nzima, kati ya mteja na mteja, alikuwa amegawanya kwa namba tasa zote zisizozidi 323, moja baada ya nyingine. Sitini na tano zilikataa. Ya sitini na sita, ambayo ndiyo ya mwisho, ikaingia bila baki: 317 mara 331.

"Mwalimu, umeacha moja," akasema.

Nikajitetea kwamba nilitaka kumtia moyo tu.

"Huruma watu wananipatia kila siku. Kwako mimi nilikuja kutafuta hesabu."

Nilishikwa na aibu, na nilistahili. Nikaandika kosa langu ubaoni, darasa zima likiona. Kisha nikamwambia ukweli, safari hii bila kuupaka sukari: mtu anayefika kigawanyo cha mwisho bila kusukumwa hawezi kusema hisabati imemshinda.

Alinyoosha mkono nimpe fomu ya mtihani, akaijaza polepole. Kwenye nafasi ya namba ya kadi akaandika 317 × 331. Ilibidi nimpe fomu nyingine. Ile ya kwanza ninayo mpaka leo.