Kiraka Kilichopita Mara ya Nne

Shangazi yangu alikuwa karani wa masjala katika kituo cha afya kwa miaka ishirini na sita. Alipostaafu alinunua kompyuta iliyokwishatumika, akaiweka kando ya cherehani yake, akajiunga na watu wa kujitolea wanaotengeneza programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa. Mtu yeyote anaweza kuwatumia kiraka, yaani marekebisho madogo ya programu. Kabla hakijapokelewa, kompyuta hukipitisha yenyewe kwenye majaribio aliyoyaandika Shangazi. Kikifaulu, inatokea alama ya kijani, kikishindwa, nyekundu. Wenzake humwita Mama Nyekundu.

Kiraka changu cha kwanza kilihusu kutafuta majina ya wagonjwa. Utafutaji wa zamani ulikuwa mwendo wa kobe, na muuguzi mkuu wa kituo alikuwa ameahidiwa toleo jipya siku ya Ijumaa. Alhamisi mchana nikakimbilia chumbani kwa Shangazi.

“Shangazi, kimepita!”

Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, wala hakuinua macho. “Kimepita mara ya ngapi?”

“Ya nne.”

“Na zile tatu za kwanza kompyuta ilikuwa inakutania?”

Nikajitetea kwamba majaribio yenyewe ni vigeugeu, na kwamba sisi sote hubofya “rudia” mpaka kijani kitokee. Shangazi akaweka sindano chini, akanifungulia orodha ya wagonjwa thelathini wa kubuni. Kila jaribio huchagua ishirini kwa bahati nasibu. Mara zile tatu, kati ya ishirini walikuwamo mapacha wawili: ukoo mmoja, siku moja ya kuzaliwa, majina yanayoanza kwa herufi tatu zilezile. Kiraka changu, kwa kutaka kasi, kilisoma herufi tatu tu za jina. Kiliwafanya mapacha kuwa mtu mmoja.

“Mapacha wa namna hiyo watatoka wapi, Shangazi?” nilinung’unika.

“Walikuja dirishani kwangu. Foleni ilikuwa ndefu, nami nilikuwa na haraka kama wewe. Nikawaandikia kadi moja. Mmoja akachanjwa mara mbili, mwenzake hakuchanjwa kabisa. Surua ikamwachia sikio moja linalosikia, la kulia.”

Hapo simu ya Shangazi ikalia. Ni muuguzi mkuu.

“Mama Nyekundu, kesho tunapata, au mnatupiga chenga?”

“Hampati, mdogo wangu. Nimezuia mimi.”

“Basi foleni yote nitaielekeza kwako!”

“Ilete. Viti ninavyo viwili.”

Hakunitaja hata kidogo. Nikakaa na kile kiraka siku tatu. Nilikirekebisha, kisha nikaongeza jaribio linalowaweka mapacha pamoja kila mara. Jumatatu kilipita mara ya kwanza. Shangazi akakijaribu tena mara ishirini, nami nikakaa kando yake nikihesabu, hadi alipobofya “pokea”.

Alasiri tulikwenda sokoni kununua uzi. Kijana mmoja muuza viatu alikuwa ametugeuzia mgongo, akipanga bidhaa zake. Shangazi hakumwita. Alimzunguka taratibu mpaka upande wake wa kulia, ndipo akasema, “Hujambo, mwanangu?”

Sikuuliza ni nani.